Ushuhuda wa Nkirote

Nkirote hakujua kukaa na jambo jema peke yake. Akipata shifti nzuri katika nyumba ya wazee mjini Anoka, huku ughaibuni, kanisa zima lilijua kabla ya Jumapili. Ndivyo alivyo, na hilo ndilo tulilompendea.

Yeye na rafiki yake Susan waliwahi kuuziwa timeshare, kila mmoja yake, ile haki ya kulala wiki moja kila mwaka katika hoteli ya likizo. Walialikwa chakula cha bure, wakatoka wametia sahihi. Nafasi ya kwenda hawakuipata, lakini ada ya kila mwaka haikukosa kuja.

Ndipo akapiga simu mtu mwenye sauti ya upole. Kampuni yake, alisema, huwatoa watu kwenye mikataba hiyo; kazi ya mteja ni kulipa kwanza. Kabla ya kukata simu aliomba pamoja na Nkirote. Aliomba, jamani, mwizi yule! Nkirote akalipa siku hiyohiyo.

Jumapili akasimama kutoa ushuhuda. Kwetu mtu hushukuru kabla ya kupokea. Hiyo ndiyo imani.

"Bwana asifiwe! Ile timeshare, by faith, nishatoka!"

Tukapiga makofi. Ibada ilipoisha, Susan akamfuata mlangoni kuchukua namba ya yule mtu. Alimlipa kwa pesa ya tiketi ya kwenda Nyeri kumwona mama yake mgonjwa. Alijiambia angetafuta pesa nyingine kabla ya Krismasi.

Simu ya yule mtu ikazimwa. Hoteli ikaendelea kudai. Sydney, binti ya Susan, akaipigia hoteli yenyewe, akaambiwa mkataba ungeweza kurudishwa bila malipo. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewauliza. Nikikumbuka hilo nashikwa na hasira mpaka leo.

Novemba mama yake Susan akafariki. Tiketi tuliichanga upesi, maana kwa msiba hatuna mchezo. Ya kwenda kumwona akiwa hai, Susan aliona haya kutuomba.

Nilikuwepo nyumbani kwake, mjini Savage, akifunga sanduku la safari. Nkirote aliingia analia, hata koti hakuvua.

"Susan, nisamehe. Ni mimi nilikupea hiyo namba."

Susan akaendelea kupanga nguo. Nkirote akainama kusaidia, akakuta soksi nzito za sufu alizonunuliwa mama kwa ajili ya baridi ya Nyeri. Akaanza kuzitoa polepole, asionekane.

"Ziache," Susan akasema. "Nitamvalisha."