Ukurasa wa Félicité

Félicité alifundisha kompyuta miaka mingi katika shule isiyokuwa na kompyuta hata moja. Usicheke. Alichora kibodi kwa chaki ubaoni, kila herufi mahali pake, na wanafunzi wakapita mmoja mmoja kubonyeza ubao kwa vidole. Wakaguzi walikuja, wakautazama ule ubao, wakasema somo linaendelea vizuri. Patrice alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Mkumbuke huyo Patrice, maana mimi siwezi kumsahau hata nikitaka.

Mimi ni Kassimu, fundi wa simu hapa sokoni Baraka. Meza yangu iko karibu na pikipiki zinazosubiri abiria wa Mboko, kwa hiyo nasikia mengi, na hasira yangu haikawii. Félicité alikuja kwangu na kompyuta kuukuu iliyokufa betri. Ilikuwa inawaka tu ikichomekwa kwenye umeme. Nilimwambia betri ya namna ile huku hakuna. Akasema basi, wataishi hivyo hivyo, yeye na kompyuta yake. Kwa mashine hiyo akajifunza mwenyewe kutengeneza tovuti, nami nilipoona nikamwomba anifundishe. Vijana wengine wakafuata, na Patrice naye. Ndivyo kundi letu lilivyozaliwa. Tunakutana Jumamosi mchana katika ukumbi mdogo wa parokia, hata sisi Waislamu, na padri hajawahi kununa. Mmoja anasimama mbele na kueleza alichotengeneza, wengine wanauliza, wanabisha, wanacheka.

Nusura kundi hilo life changa. Siku za mwanzo kijana mmoja alituonyesha tovuti ya timu ya mpira, na chini kabisa ameandika jina lake kamili. Mtu wa nyuma akauliza, "Huyu njo mutoto wa nani?" Ukumbi mzima ukaacha kutazama mpira. Kwetu Fizi jina la mtu linakuambia kilima alikozaliwa, kilima kinakuambia upande, na upande unakumbusha nani alichoma nyumba ya nani. Kabla ya jioni watu walikuwa wamekaa makundi makundi, kila kundi na wa kwao. Félicité ndiye aliyesimama. Alisema kuanzia siku ile kazi yoyote itakayoonyeshwa pale isiandikwe jina la mtu. Chini iandikwe tu: Kazi ya Kundi. Wote walikubali, kwa sababu wote walikuwa wamechoka. Sheria hiyo ilituweka pamoja, na asiniambie mtu vinginevyo.

Kisha mtoto wa Rosette akafa. Rosette ni dada yake Félicité. Mtoto alishikwa na malaria, mama akampakia kwenye pikipiki hadi kituo cha afya cha kwanza, akaambiwa dawa zimekwisha. Akaenda cha pili, nako dawa hazipo. Cha tatu zilikuwepo, lakini mtoto alikuwa ameshanyamaza mgongoni. Dawa zilikuwa kwenye barabara ile ile, ila upande wa pili ukitoka nyumbani kwao. Hakuna aliyemwambia.

Félicité hakulia mbele yetu. Alizunguka vituo vyote vya afya kuanzia Mboko, Nundu, mpaka Baraka, akawabembeleza wauguzi wamtumie ujumbe kila asubuhi: dawa ya watoto ipo, au haipo. Akatengeneza ukurasa mwepesi, bila picha wala madoido, unaofunguka kwenye simu ndogo hata mtandao ukiwa wa kukwama kwama. Unaandika mahali ulipo, unakuonyesha kituo chenye dawa leo. Maneno yake ni yale tunayosema nyumbani: dawa iko, dawa haiko. Mwendesha pikipiki anaangalia kabla ya kuwasha. Akina mama wasiojua kusoma wanawapa watoto wao wa shule wawasomee. Na chini kabisa Félicité aliandika, kama alivyotufundisha: Kazi ya Kundi.

Basi tukasikia kwamba mgeni anakuja kutoka Lubumbashi. Shirika lake lilitaka kumchukua mtu mmoja anayetengeneza tovuti, afanye kazi nao kule mwaka mzima, na kazi yake ipanuliwe ifike wilaya nyingine. Félicité alitaka nafasi ile kupita kiasi. Aliniambia waziwazi hapo mezani kwangu, nami nikiwa na bisibisi mkononi: "Kassimu, mi nimechoka kufundisha ubao. Nikienda kule, hii page itafika mpaka milimani. Kule batoto banakufa tu na hatusikie." Nikamwambia itakuwa hivyo. Nilikuwa na uhakika kama mjinga.

Mgeni alifika kwa boti kutoka Kalemie, viatu vimelowa, mtu mpole tu. Patrice ndiye aliyekuwa amechaguliwa rais wa kundi, kwa sababu ana suti na anajua kuongea Kifaransa kirefu. Ratiba iliandikwa: mada ya Félicité, halafu mada nyingine mbili. Lakini unajua mambo yetu. Mgeni hawezi kuonyeshwa kitu kabla ya kukaribishwa, na kukaribisha ni kazi ya wakubwa. Akasimama mjumbe wa serikali, akashukuru. Akasimama wa kanisa, akaomba, akashukuru. Akasimama mwakilishi wa vijana, ambaye nywele zake zimeshaota mvi, akashukuru walioshukuru. Jenereta ilikuwa inanguruma nje muda wote huo, ikiwasha spika kwa ajili ya shukrani. Félicité alikaa mstari wa mbele, kompyuta mapajani, waya umechomekwa. Patrice alipomtaja, "Sasa tuko na mada ya kwanza," jenereta ikakohoa na kuzima. Mafuta yamekwisha, na pale parokiani hakuna mengine.

Kompyuta yake ikawa nyeusi. Ya Patrice ina betri nzima. Kwa desturi yetu kila kazi inanakiliwa kwenye flashi ya kundi kabla ya mkutano, ili asiaibike mtu. Félicité mwenyewe ndiye aliyeichomoa mfukoni akampa.

"Fungulia ku yako," alimwambia. "We onyesha tu, mi nitasema."

"Hakuna shida, Madame," Patrice akajibu. Bado alikuwa anamwita Madame, mwanafunzi mwenye adabu.

Akafungua. Mgeni akasogeza kiti, wote tukabanana kuizunguka ile kompyuta moja, na Félicité, aliyekuwa anahangaika kukunja waya wake, akajikuta nyuma ya migongo ya wanaume. Patrice akaanza kuonyesha, na kidole kikaleta mdomo. "Hapa tuliweka vituo. Hapa tulifikiria mama ule asiyejua kusoma." Alieleza vizuri, sitaki kusema uongo. Alieleza maneno yale yale ambayo Félicité alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele yetu sisi wote Jumamosi iliyotangulia.

Mgeni akauliza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili wote tusikie: "Nani aliyeitengeneza?"

Patrice akasita. Nilimwona akisita. Kisha akaonyesha kwa kidole yale maneno ya chini. "Ni kazi ya kundi. Huku kwetu hatuandikake jina ya muntu. Miye njo président."

Damu ikanipanda. Nikapaza sauti: "Uongo! Ile kazi ni ya Félicité. Ni yeye peke yake, na Patrice unajua!"

Nilidhani nimemsaidia. Kutoka nyuma ikatoka ile sauti ya siku zote.

"Félicité wa wapi? Ni mutoto wa nani?"

Mwingine akajibu jina la baba yake. Mwingine akataja kilima. Mwingine akaguna, akasema ndiyo maana wanataka kumpandisha wa kwao. Mwingine akamgeukia huyo na kumuuliza wa kwao ni nani. Mtu aliniambia, "Kassimu, ikala chini, haya hayakuhusu." Viti vikaanza kusogea, watu wanatafutana kwa macho, kila mmoja na upande wake. Mgeni alitazama huku na huku bila kuelewa. Ilichukua muda mfupi sana. Miaka yote ile, na ilichukua muda mfupi sana.

Félicité akapenya katikati. Alikuwa ameshika waya umekunjwa vizuri. Alitazama kompyuta, akatazama mgeni, na mimi nikamwomba kwa macho aseme. Alihitaji kusema neno moja tu, "yangu".

"Patrice amesema kweli," akasema. "Haiko ya muntu moya. Ni ya sisi bote. Ikaleni chini, tafazali."

Wakakaa. Mgeni akatabasamu, akasema amevutiwa sana na umoja wetu. Umoja wetu! Ningekuwa na kitu mkononi ningekirusha. Kabla ya kupanda boti yake alitangaza kwamba shirika limemchagua rais wa kundi.

Patrice aliondoka wiki ile ile, na kundi likampigia makofi pwani. Félicité naye alipiga. Sikumuuliza kwa nini, na yeye hakunieleza. Jumatatu alirudi shuleni kuchora kibodi.

Baada ya miezi kadhaa ukurasa ulikwama. Vituo vyote vikawa vinaonyesha dawa za juzi. Simu kutoka Lubumbashi ikaingia Félicité akiwa mezani kwangu. Sauti ya Patrice niliisikia mpaka nilipokaa. "Madame, tusaidie kidogo. Nimeangalia sioni kosa. Ni mambo ya kwetu bote, si ndiyo?" Ningekuwa mimi, simu ile ingeogelea ziwani. Yeye aliomba nimchomekee kompyuta kwenye betri yangu ya jua, akainama, akatafuta, akapata. Alisema wauguzi walikuwa wametuma ujumbe asubuhi kama kawaida, na watoto wagonjwa hawana kosa katika mambo yetu na Patrice.

Alipomaliza akateremka mpaka chini ya ukurasa kuhakikisha. Maneno Kazi ya Kundi hayakuwepo tena. Palikuwa na picha ya Patrice na suti yake, na jina lake lote, la kwake na la baba. Kule Lubumbashi hakuna anayemuuliza ni wa kilima gani. Félicité ana neno la siri la ukurasa ule. Angeweza kuvifuta vyote kabla chai haijapoa. Nikamwambia afute.

"Nikifuta, bataniuliza naweka jina ya nani," akasema, akafunga kompyuta.

Wakati huo mama mmoja alishuka kwenye pikipiki, mtoto mwenye homa mgongoni, simu ndogo mkononi. Dereva alikuwa amemsomea: dawa iko, hapa hapa Baraka, kituo cha karibu. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akatuonyesha ile picha ya chini.

"Mumuone huyu kijana," akasema. "Mungu amubariki na mama aliyemuzaa na mwalimu aliyemufundisha."

"Amina," Félicité akajibu. Kisha akamsaidia kukaza kitenge, mtoto asiteleze.