Jibu la Nyuma ya Pazia

Mjukuu wangu wa kike kaniwekea mapajani fomu za chuo, bado zina joto la mashine na harufu ya wino. Harufu ile ile alikuja nayo mwalimu wangu, mtu wa bara, nilipokuwa msichana, barazani kwetu Ng'ambo, mimi nyuma ya pazia nasuka ukili wa mkeka. Jina lake nnalo, lakini naliacha lipumzike.

"Mzee, pana nafasi moja ya kusomea ukunga. Mwanao anaiweza."

"Haya, mwanangu," baba akaniita. "Unataka?"

Nilitaka mpaka ukili ukanitoka mkononi. Nikanyamaza. Ndivyo tulivyofunzwa: mtoto wa kike akiulizwa jambo kubwa, kimya chake ndiko kukubali. Dada zangu wote waliozwa hivyo.

Mwalimu akangoja. "Basi hataki, tusimlazimishe." Nikasikia karatasi inakunjwa. Baba, aliyeijua vizuri maana ya kimya changu, akamtilia kahawa nyingine.

"Bibi, hapa wanauliza nachagua kusomea nini," mjukuu ananambia. "Baba anasema ualimu."

"Na wewe je?"

Akainamisha kichwa, akatabasamu, asiseme kitu.

"La, mwanangu. Sema, nikusikie."