Figo Zilizodhaniwa Mimba

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu tulikaa Kariakoo, upande wa Msimbazi, katika nyumba ya wapangaji wengi na ua mmoja. Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Mama yake tuliishi naye.

Mvua za masika zilipoanza niliharisha na kutapika hadi nikashindwa kusimama. Kuharisha kulipokoma nikadhani nimepona. Kumbe haja ndogo nayo ilikatika. Nilikwenda chooni, nikachuchumaa, nikarudi vilevile. Ningemwambia nani? Hata mume wangu nilikuwa sijamzoea.

Uso ukavimba, miguu ikavimba, kichefuchefu hakiniachi. Mama mkwe akanitazama, akacheka kwa furaha.

"Mwanangu, mbona unanificha?"

Kufika adhuhuri ua mzima ulikuwa umeshajua. Jirani akaniletea ukwaju. Wanawake wakanipa hongera, nami nikaitikia "ahsanteni", ilhali nilikuwa nimetoka mwezini hivi karibuni tu. Kuwakanusha kulitaka nitaje mkojo wangu mbele ya watu wazima.

Nilipoanza kuhema na kuweweseka, mume wangu alinipakia kwenye mkokoteni, mama mkwe akitufuata, tukapita sokoni mchana kweupe, watu wakitupisha. Hospitali, daktari akauliza, "Umekojoa lini mara ya mwisho?"

Nikainamisha kichwa.

"Mjibu, mwanangu," mama mkwe akasema. "Ana mimba changa huyu, bwana daktari."

Daktari alinipima, akatikisa kichwa. "Hana mimba, mama. Figo zimesimama. Alipoharisha, maji yalimwishia mwilini."

Mama mkwe akavuta kanga, akajifunika uso.

Wodini nililala jirani na mwanamke aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Figo zake nazo zilikuwa zimesimama. Nesi alisema wagonjwa wa namna yetu si wachache, hasa masika, ila wengi huletwa wamechelewa. Maji ya kunywa tulipimiwa kwa kikombe, kwa kuwa hayakuwa na pa kutokea. Asubuhi moja kitanda cha mwenzangu kilikuwa kimetandikwa upya. Siku hiyohiyo mkojo wangu ulitoka, mweusi kama chai ya rangi, na nesi akainua chupa juu. "Jamani, amekojoa!" Wodi nzima ikashangilia. Nikajifunika shuka hadi kichwani, nikalia.

Nilirudi nyumbani nimekonda, ndoo ya maji siiwezi. Wanawake walikuwa wakinitazama tumbo. Mmoja, yuleyule wa ukwaju, akauliza taratibu, "Imetoka?"

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini. "Haikuwapo. Mimi ndiye niliyetangaza bila kumuuliza. Mtoto wa watu alishindwa kukojoa, mimi nikapiga vigelegele."

Hakuna aliyecheka. Jirani akakaa mkekani karibu yangu. "Mdogo wangu alivimba hivyohivyo," akasema. "Tukamzika. Mpaka leo hatujui alikuwa na nini, maana hakusema."

Nilitaka kumpa pole. Sikuweza hata kuinua uso.