Siku Tuliyoenda Kumtoza Jirani Faini

Huku kwetu Makueni, ukikosa mwethya mara tatu bila sababu, kikundi kinakuja kwako kuchukua kitu. Mwethya ni ile kazi tunayofanyiana kwa zamu: leo tunachimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usibebwe na mvua, shambani kwangu, wiki ijayo kwako. Faini huwa ni kuku, au sufuria kama kuku wana mbio. Mimi ndiye mwandishi wa kikundi, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na mvi nyingi kuliko mwalimu mkuu, na tangu hapo watu wanaamini hakuna kitu duniani nisichoweza kuandika.

Jirani yangu alikuwa amekosa mara tatu. Mtu aliyekuwa akichimba kama trekta, tena huku anaimba. Tulifika kwake saa nne asubuhi, watu tisa wenye kelele ya watu elfu.

"Mutui, toka nje," nikamwita, maana huku kwetu jirani huitwa hivyo. "Kuku wako ameitwa kortini."

Alitoka polepole. Nyuma yake niliona magunia ya ndengu, yaani choroko, yamepangwa hadi karibu na mabati. Msimu ule mvua ilikuwa imetuheshimu. Kila mtu alipanda ndengu, kila mtu akavuna, na bei ikaanguka hadi dalali akawa anaangalia gunia kama anayeonyeshwa takataka. Jirani alikuwa ameuza ng'ombe wake wawili wa kulima ili anunue mbegu na dawa. Sasa fukusi walikuwa wanawala ng'ombe wale, punje kwa punje.

"Kuku hao pale," akasema. "Chukueni wote."

"Mmoja anatosha, baba," akajibu mwenyekiti wetu, mama mnene asiye na haraka. "Sisi si fisi."

"Chukueni na jembe," akaonyesha lile lililoegemezwa mlangoni.

Watu wakacheka. Mmoja akasema huyu ameokoka mara ya pili. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niongeze langu, nikakumbuka kitu.

Mwaka uliotangulia, wakati wa ukame, fundi baiskeli wa ng'ambo ya mto alinipa redio yake bure. Kazi ilikuwa imemwishia; watu walikuwa wanauza baiskeli, si kutengeneza. Nilimshukuru, nikasimama kanisani nikamsifu kwa moyo wake wa kutoa. Siku ya nne tulikuwa tunamchimbia kaburi. Alikuwa amejiua, na redio yake ilikuwa nyumbani kwangu inasoma habari.

Mkulima atakupa kuku, atakupa hata shati. Jembe hatoi, labda kama haoni msimu mwingine mbele yake.

"Nendeni na kuku mmoja," nikawaambia wenzangu. "Mimi nabaki."

Mwenyekiti aliniangalia, akaelewa nusu, akawapeleka wengine hadi langoni.

"Mutui," nikasema, "unafikiria kujiua?"

Nilitegemea matusi. Yeye aliangalia lile jembe.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nakuuliza wewe."

"Bibi amerudi kwao na watoto. Wamechoka kula ndengu asubuhi, ndengu jioni. Nilimwambia atulie, bei itapanda. Haikupanda." Akajifuta uso. "Nenda nyumbani, mwandishi."

"Siendi. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja muondoke."



"Basi leo umepata wageni wabaya," mwenyekiti akasema nyuma yangu. Sikuwa nimemsikia akirudi, kuku wa faini kwapani. Alikaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu. "Hatuondoki. Washa moto, baba. Huyu kuku wa faini tutamlia hapa hapa, na wewe utakula. Tukimaliza, tunaenda hospitali pamoja."

"Hospitali nitasema naumwa na nini? Bei?"

"Sema hivyo hivyo."

Alasiri tulikuwa kwenye benchi la hospitali ya mji wa Wote, yeye katikati, sisi wawili tumembana kama gunia linaloweza kuanguka. Alipoitwa, alishika mkono wa shati langu.

"Unaingia?"

"Naingia. Lakini utaongea wewe."

"Na wewe utaweza kunyamaza?"

Niliweza, Mungu ni shahidi. Ndani alikaa akiangalia sakafu, daktari akimngoja bila kushika kalamu. Mwishowe jirani aliuliza kama mlango umefungwa vizuri, halafu akaanza kusema.