Albamu Tuliyorekodi Barabarani

Dada yangu anaimba roki, muziki ambao kwetu Mbeya wengi bado wanauita kelele za magita. Mwaka ule aliamua albamu yake isirekodiwe studio, irekodiwe jukwaani mbele ya watu, tuanzie Mbeya tumalizie Iringa. Mimi mdogo wake ndiye niliyekaa kwenye mashine ya kurekodi.

Mbeya hatukupata kitu. Baridi ilikuwa kali, watu walisimama mbali, mikono ndani ya makoti, na kwenye hedifoni makofi yalisikika kama ya watu wanaoaga mgeni. Tulipomaliza dada hakugusa chakula. Aliingia kwenye gari, akatoka, akaingia tena.

"Futa yote," aliniambia.

"Tukifuta tutabaki na nini, dada?"

"Tutabaki na Chimala."

Chimala, njiani kuelekea Iringa, tulipiga mchana, kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga. Watu walikuwa wengi, wengine wamekuja juu ya malori kutoka Ubaruku. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Magita yakanyamaza, mpiga dramu peke yake akaendelea. Kinasa sauti changu kilikuwa na betri, kwa hiyo nacho kiliendelea. Dada aliruka chini akaanza kuimba bila maiki, akipita katikati ya watu, akipaza sauti ili na wa nyuma wasikie. Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele wakaanza kupiga nyungo zao na kuitikia kibwagizo ambacho ndiyo kwanza wanakisikia. Nilimfuata na kinasa mkononi, nikijikwaa kwenye magunia, nikiomba betri isiishe. Umeme haukurudi. Aliimba hivyo hivyo mpaka mwisho.

"Umeikamata?" aliniuliza. Ilitoka pumzi tu.

"Nimeikamata."

Alicheka, akashika koo, na hapo nikaona anaogopa.

Iringa tulifikia Kihesa kwa shangazi. Alimchemshia tangawizi, akamkataza kuongea. "Ukipanda jukwaani na koo hilo, usije kunililia mimi," alisema. Dada alinywa huku amesimama, akitembea kutoka jikoni hadi getini na kurudi.

Kesho yake alipanda. Sauti ilikuwa nzito, inakwaruza. Nyimbo alizozoea kuzipigia kelele alizisema kama mtu anayekusimulia jambo lake. Kwenye wimbo wa mwisho sauti ilikatika kabisa. Alibaki mdomo wazi. Nilijua atashuka. Hakushuka, alichukua gita, akapiga kwa nyuzi ile sehemu iliyombakia kuimba, taratibu, na uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza.

Miezi kadhaa baadaye, koo lilipopata nafuu, msambazaji wa albamu alitaka airudie sauti studio. Dada alikubali. Akaimba safi, kwa sauti ya chini, kila neno mahali pake, kisha akavua hedifoni akiwa amenuna.

"Huyu anayeimba hajawahi kufika Chimala," alisema. "Wekeni ile ya kwanza."

Ndivyo albamu ilivyotoka, na mikwaruzo yake. Sauti zake za juu hazikurudi. Siku hizi anatunga nyimbo za sauti ya chini. Juzi nilimuuliza kama anajuta. Alikuwa ameshashika ufunguo wa gari.

"Nitajuta nikikaa," alijibu, akaniambia nipakie spika, tunaelekea Tukuyu.