Kozi ya Ng'ombe Watatu

Mwaka 1949 Wilson Shitanda alikuwa karani wa stoo moja ya mahindi karibu na reli, Eldoret. Alikuwa na miaka tisa kazini, mshahara wa shilingi tisini kwa mwezi, na leja ambayo hakuna aliyewahi kuikuta na kosa. Mwezi wa Machi mwenye stoo, Bwana Venter, alimletea mpwa wake Piet, aliyemaliza shule bila cheti, akasema, "Mfundishe vitabu." Wilson alimfundisha wiki sita. Wiki ya saba Piet akapewa meza ya dirishani, cheo cha mhasibu na shilingi mia tano. Wilson akabaki nyuma ya magunia na kazi yote. Piet alitia sahihi tu.

Makarani wa Kampala, Bombay na Beira wamenisimulia kisa kama hiki, kila mmoja kwa lugha yake, na wengi walikuwa wakicheka. Wilson hakucheka hata mara moja.

Siku ile ile Piet alipopewa meza, Wilson aliandikia chuo kimoja cha Uingereza kilichofundisha uhasibu kwa posta na kutoa cheti. Jibu lilikuja: sehemu tatu, shilingi mia na arobaini kila moja, anayelipa zote kwa mkupuo, mia tatu na sitini. Fedha hakuwa nazo. Alikuwa na ng'ombe watatu, na kwa kuwa lokesheni, mtaa wa Waafrika alikoishi mjini, haikuruhusu mifugo, aliwaweka Moiben kwa rafiki yake Kipyego, skwota, kibarua aliyeruhusiwa kuishi na kufuga kwenye shamba la mzungu. Kipyego aliwachunga, watoto wake wakanywa maziwa, na ndama wakawa wa Wilson.

Jumapili Wilson na mkewe Kavetsa walifika Moiben.

"Nimekuja kuchukua ng'ombe," Wilson alisema kabla hajaketi. "Wote."

Kipyego akacheka. "Hata chai hujakunywa, umeshanifilisi?"

"Ni wangu."

"Nani amekataa? Lakini mtu akitoa ng'ombe wote kwa boma ya rafiki, majirani wanauliza, Kipyego amekula ndama wangapi? Acha hata mmoja, bwana. Usiniaibishe."

"Mimi naaibishwa kila siku na huyo Piet, na hakuna anayeniachia kitu!"

"Na mimi ndiye Piet?" Kipyego akauliza. Sasa hakuwa anacheka.

Kavetsa akaweka kikombe chini. "Baba Rael, hicho cheti, umeuliza Bwana Venter atakuongeza pesa ngapi?"

Hakuwa ameuliza. Kwa ile hasira yote, hilo halikumjia.

"Basi uliza kwanza," alisema mkewe. "Usimlipie Piet karo kwa maziwa ya watoto wa watu."

Walirudi mjini bila ng'ombe.

Jumatatu Wilson aliuliza. Venter hakuinua macho kwenye gazeti lake. "Cheti cha London au cha mwezini, karani Mwafrika mwisho wake mia na ishirini. Ndiyo ngazi yenu." Kisha akaongeza kwa upole, kama anayetoa zawadi: "Lakini soma tu. Utamsaidia Piet."

Wilson alipofika nyumbani alitandaza karatasi za chuo mezani, akazipiga ngumi mpaka taa ikaruka. Kavetsa aliidaka.

"Nisomee," alisema. "Ya kwanza inafundisha nini?"

"Leja. Faida na hasara. Kufunga mwaka."

"Ya pili?"

"Kodi na mambo ya kampuni."

"Na ya tatu?"

"Kukagua hesabu za kampuni na kuzitilia sahihi." Akairudisha karatasi ya kwanza juu. "Ya kwanza nikiwa nayo, wenye maduka hapa lokesheni watanipa vitabu vyao. Wauzaji wa jumla wanawaibia kila wiki, na hawajui waonyeshe nini kuthibitisha. Wataniamini nikiwa na karatasi. Ya pili labda. Ya tatu ni ya kuwa mzungu, na hiyo hawaiuzi kwa posta."

"Kwa hiyo ng'ombe mmoja."

"Mmoja. Na usifikiri nimetulia."

Kipyego mwenyewe alimpeleka huyo ng'ombe mnadani, akapata mia na hamsini, akazileta zote. Wilson alizipokea, akaomba radhi kwa maneno machache, kisha akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la Waafrika la posta.

Karani wa posta, Nyongesa, aliisoma ile fomu. "Sehemu moja tu? Ukilipa zote unapunguziwa sitini, mwalimu."

"Najua kusoma."

"Sitini ni pesa nyingi."

"Punguzo ni la mtu atakayeruhusiwa kufika mwisho," Wilson alisema, sauti ikisikika mpaka kwenye dirisha la Wazungu. "Piga muhuri."