Miwani Iliyopigwa Mnada

Nilipostaafu uuguzi, mimi na wenzangu wachache wa Wete tulianzisha kikundi cha kuwapima macho wazee. Ofisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na ubao wa herufi na chumba cha skuli tulichoazimwa siku za Jumapili. Watu wetu waishio ng'ambo wakitutumia miwani ya kusomea iliyokwishatumika, nasi tukiiosha, tukiipanga kwa namba na kuigawa bure.

Shangazi yangu anaishi Gando, anashona kofia za viua, zile zinazotariziwa kwa mkono. Macho yalipopungua, ikawa lazima angoje mtu apite barazani amtilie uzi sindanoni. Nilimpima, nikamwambia, "Shangazi, mzigo ujao yako imo."

Mzigo ulifika bandarini, ukazuiwa. Ofisa mmoja, mtu wa adabu, alinipa kiti.

"Bi, bajeti ya mwaka huu imeondoa msamaha wa ushuru kwa vikundi vidogo. Umebaki kwa taasisi kubwa tu. Hii miwani inahesabiwa mitumba ya biashara."

"Biashara gani? Sisi hatuuzi."

"Najua, Bi. Ila sheria haiangalii hilo."

"Inaangalia nini basi?"

Akanisogezea karatasi ya hesabu ya ushuru; kikundi chetu hakikuwa na hata robo yake.

Tulikwenda kwa sheha, tukenda wilayani, tukamfuata hadi nyumbani mheshimiwa mbunge wetu, aliyeipigia kura bajeti hiyo. Akatueleza kwamba kuna wafanyabiashara wanaoingiza mali kwa jina la sadaka, na mlango ule ilibidi uzibwe. Wapo, silikatai. Lakini wale wana mawakala na wanasheria, mlango mmoja ukizibwa wanajua pa kupitia. Sisi tulikuwa na huo huo mmoja. Nilimwambia hivyo mbele ya wageni wake, sauti yangu ikapanda, mwenzangu akanivuta buibui tutoke. Mpaka leo sijamwomba radhi, na simwombi.

Gharama za kuhifadhi mzigo zikawa zinaongezeka kila uchao, mwisho ukapigwa mnada.

Asubuhi moja nimo sokoni Chake, nikaiona miwani yetu. Imepangwa juu ya mkeka, bado imo ndani ya vifuko vya kitambaa wanavyovishona watu wetu wa ng'ambo.

"Hii umeipata wapi?" nikamuuliza muuzaji.

"Mnadani, mama. Nimelipia halali."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Nilitamani kuupindua ule mkeka, lakini yeye alikuwa na kosa gani? Nilichagua namba ya shangazi, nikalipa.

Shangazi aliivaa, akatia uzi mara moja, akacheka. "Mungu awalipe walioileta. Na wenzangu wataipata lini?"

"Iko Chake, sokoni. Inauzwa."

"Inauzwa? Si tuliletewa sisi?"

Jumapili bado tunapima. Mzee akimaliza kusoma ubao, namwambia namba yake, kisha namwelekeza anapokaa yule muuzaji. Mimi, niliyekuwa nikiwavalisha kwa mkono wangu, sasa nawapelekea wateja. Wachache wanakwenda. Wengi wanasema inshallah, wanarudi kwao kama walivyokuja. Jirani ya shangazi, aliyemfundisha kushona tangu wakiwa wasichana, ameacha kazi hiyo. Hushinda barazani, mikono mitupu, akisikiliza wenzake wanavyozungumza.